Glenn alipopita Unguja, mimi nikachemka Nkuhungu

Nimekuwa kimya, mtanisamehe. Niko huku Nkuhungu kwenye mazoezi ya kufundisha, na leo nimechemka mbele ya kidato cha nne. Dogo mmoja wa dawati la nyuma kanyoosha mkono: "Mwalimu, kama dunia inavuta kila kitu, mbona setilaiti hazidondoki?" Nikajibu fasta kwamba kule juu hakuna mvutano. Darasa zima likaandika. Duh!

Jioni ndo nikakumbuka stori ya Tunguu niliyoikuta maktaba mwaka wa kwanza.

Basi bwana, kabla ya Muungano Wamarekani walikuwa na kituo pale Tunguu, Unguja, cha kufuatilia vyombo vyao vya anga vya mradi wa Mercury. Walikubaliana na Uingereza mwaka 1960, maana ndiyo iliyokuwa na usemi Zanzibar. Vituo duniani vilikuwa kama 18, viwili kati yake ni meli. Vingi hivyo vya nini? Chombo kikishazama nyuma ya mgongo wa dunia, redio haikipati tena. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu, kila mzunguko dakika 88 na ushee. Akishaipita Kano, Nigeria, zamu ya kumsikiliza ilikuwa ya Unguja, kwa dakika chache tu.

Sasa kosa langu liko hapa. Glenn alikuwa juu kati ya kilomita 160 na 260 hivi. Ukipiga hesabu ya Newton, mvutano huko bado ni zaidi ya asilimia 90 ya huu wa hapa Nkuhungu. Kwa hiyo jamaa alikuwa anadondoka! Kitu kikiachiwa kinashuka karibu mita 5 katika sekunde ya kwanza. Ila ndani ya sekunde hiyohiyo yeye kashakwenda mbele karibu kilomita 8, na kwa umbali huo dunia nayo imeinama mita 5 hivi. Anadondoka, ardhi inamkwepa, wanaendelea hivyo hivyo. Alipotaka kurudi aliwasha roketi za kupunguza mwendo, kidogo tu, akaangukia Atlantiki.

Kituo chenyewe hakikudumu. Chama cha ZNP, Abdulrahman Babu akiwa katibu mkuu wake, kilikipinga sana, watu wakihofia kisiwa kugeuzwa kambi ya makombora. Siwalaumu, vita baridi ilikuwa imepamba moto, na antena haina maelezo usoni. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ya Karume ikataka king'olewe, na Aprili kikaondoka. Kazi ikahamia Madagaska.

Kesho narudi darasani kuwaambia wafute ile sentensi. Ishu ni kwamba kesho hiyohiyo msimamizi wangu kutoka chuo anakuja kunikagua, na sijui mwalimu anayefungua kipindi kwa "jana niliwadanganya" anapewa maksi ngapi. Watafuta tu. Acha ninyooshe shati, umeme usije ukakata.