Kigae, Marumaru na Kauri: Istilahi za Sakafu ya Nyumbani

Katika lugha ya ujenzi ya leo, bamba linalotandazwa sakafuni au kubandikwa ukutani huitwa kigae, marumaru au tailizi, na majina hayo hutumiwa madukani kana kwamba yana maana moja. Kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika, kisha ni bamba la udongo la kuezekea nyumba, kwa hiyo neno hilo limebeba tangu awali wazo la udongo uliopita motoni. Marumaru, neno lililotoka katika Kiarabu, ni jiwe la asili ambalo sehemu yake kubwa ni kalisi kabonati, nalo huliwa na ndimu, siki na asidi yoyote ya kusafishia, ilhali uso wa kigae hauathiriwi kwa urahisi na vitu hivyo. Kuviita viwili hivyo kwa jina moja kuna gharama, kwa kuwa mwenye sakafu ya marumaru halisi akifuata ushauri uliotolewa kwa ajili ya vigae, jiwe lake hufifia na kupoteza mng'ao. Neno kigae, basi, ndilo linalostahili kushikiliwa.

Ndani ya vigae vyenyewe mna tofauti nyingine iliyo muhimu zaidi kwa mnunuzi, nayo ni kati ya kigae cha seramiki na kigae cha kauri. Vyote viwili hutokana na udongo uliosagwa, ukashindiliwa na kuchomwa, lakini kauri huwa na kaolini, yaani udongo mweupe laini, pamoja na feldspari, madini ambayo katika joto la nyuzi 1200 hivi za Selsiasi huyeyuka na kuziba matundu, mpaka bamba lote linakaribia kuwa kioo. Kipimo cha tofauti hiyo ni ufyonzaji wa maji: kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 13006, kundi la kauri ni la vigae visivyofyonza zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wao, hali vigae vingi vya ukutani vya seramiki hufyonza zaidi ya asilimia 10. Kigae cha kilo moja cha kundi la kwanza, kwa hesabu hiyo, hakinywi zaidi ya gramu 5 za maji, na cha kundi la pili hunywa gramu 100 au zaidi.

Neno kauri lina haki ya kubeba maana hiyo. Kwanza ni jina la simbi jeupe linalong'aa, kisha ni jina la vyombo vyeupe vya Kichina, na muungano huohuo ulitokea Italia, ambako jina la simbi, porcellana, lilipewa vyombo hivyo. Pwani ya Afrika Mashariki ilivifahamu vyombo hivyo kwa karne nyingi, kiasi cha kuvipachika katika makaburi ya mawe kama yale ya Kunduchi, na kaolini yenyewe imo kwa wingi katika vilima vya Pugu, karibu na Dar es Salaam. Wako wanaokiita kauri kila kitu cha udongo uliochomwa, lakini upanuzi huo unafuta tofauti ambayo mwenye nyumba anaihitaji, na ni bora uepukwe.

Katika kuchagua, ukuta wa bafu hutoshelezwa na seramiki, iliyo nyepesi na rahisi kukatwa, ila kibaraza kinachopigwa na mvua na sakafu inayokanyagwa mno huhitaji kauri. Tone la maji likidondoshwa mgongoni mwa kigae, upande usio na glezi, yaani lile tabaka jembamba la kioo la juu, seramiki hulinywa upesi, na kauri huliacha likae. Kauri iliyosuguliwa hadi ikang'aa kama kioo haifai kwa sakafu ya bafu, kwani huteleza inapolowa. Tena mchanga, ambao nyumba za pwani haziukwepi, una chembe za silika zilizo ngumu kuliko glezi nyingi, hivyo mkeka mlangoni na ufagio wa kila siku hulinda uso kuliko dawa yoyote.

Sifa ya kauri ya kutokunywa maji huleta ugumu wakati wa kubandika. Fundi aliyezoea kuloweka seramiki na kuibandika kwa saruji na mchanga atakuta kauri haishiki vizuri, kwa sababu haina matundu ya kuivuta saruji, na baada ya muda kigae hutoa mlio wa uwazi kikigongwa, kisha huachia. Kauri hutaka gundi maalumu ya vigae, iliyo saruji iliyotiwa polima, ipakwe hadi ienee mgongo mzima.

Baada ya hapo mahali dhaifu ni viungo, vinavyojazwa grauti, ambayo mara nyingi ni ya saruji: hunywa uchafu, na asidi huila hata pale kigae kinapobaki salama. Maji yenye sabuni isiyo kali yanatosha kwa usafi wa kawaida, na dawa ya klorini isichanganywe kamwe na asidi, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Mnunuzi anunue ziada ya takriban asilimia 10 ya eneo, yote ya toleo moja kama lilivyoandikwa kwenye boksi, kwa kuwa rangi hubadilika kidogo kutoka uchomaji mmoja hadi mwingine, na kigae kitakachopasuka baadaye hakitapata mwenzake dukani.