Wembe, sukari na krimu: unachonunua dukani kina historia ndefu

Ingia duka lolote la vipodozi pale Kibamba, yale ya kando ya Barabara ya Morogoro, useme unataka kitu cha kutolea nywele za makwapa. Utaonyeshwa wembe, utaonyeshwa krimu, na muuzaji akiwa mzoefu atakuuliza kwanini usipike tu sukari nyumbani. Unaweza kudhani unachagua kati ya cha kizamani na cha kisasa. Hapana. Mbinu zote tatu ni za zamani sana: wembe unakata unywele, sukari inaung'oa, krimu inauyeyusha. Kilichokuwa kinabadilika ni kiasi cha madhara.

Tuanze na krimu, maana hiyo ndo inayodhaniwa ngeni. Hamamu za Uajemi na Uturuki zilikuwa na dawa iliyoitwa nura: chokaa ambayo haijazimwa, ikichanganywa na madini ya manjano yenye aseniki na salfa. Ndiyo, aseniki, ile sumu. Ukikoroga na maji unapata uji unaolainisha nywele ndani ya dakika chache. Watengenezaji walikuwa na kipimo chao: chovya unyoya wa ndege, vinyuzi vyake vikidondoka kikabaki kijiti, dawa iko tayari. Kipimo hicho kina akili sana, kwa sababu unyoya na unywele vyote vimejengwa kwa protini za jamii moja, keratini. Ugumu wa unywele unatokana na vifungo vya salfa vinavyoshikanisha nyuzi za keratini. Vifungo vikikatika, unywele unageuka ute.

Hamamu zenyewe zilifika mpaka kwetu. Ile ya Kidichi, Unguja, ilijengwa 1850 na Sayyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na ile ya Hamamni, Mji Mkongwe, ni ya zama za Sultan Barghash aliyetawala 1870 hadi 1888. Zote mbili bado zipo, unaweza kwenda kuziona.

Krimu ya leo inafanya kazi ile ile ya nura. Aseniki imeondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na chumvi za asidi ya thioglaikoli, lakini ukali wa alkali umebaki: pH yake inakaribia 12. Na hapa ndipo watu wanapoungua. Tabaka la juu la ngozi yako nalo ni keratini! Krimu haijui wapi unywele unaishia na ngozi inaanzia, inachotofautisha ni muda tu. Dakika zilizoandikwa kwenye boksi si ushauri. Jaribu kidogo mkononi siku moja kabla, na usipake juu ya ngozi uliyotoka kuinyoa.

Katikati ya nura na krimu ya leo kuna kisa cha Koremlu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kule Marekani iliuzwa krimu ya jina hilo ikiwa na thaliamu, metali yenye sumu kali inayoangusha nywele kwa kuingia mwilini. Wanawake walipaka usoni, wengine wakapooza miguu, wengine macho yakaharibika. Kampuni ilifilisika 1932, kesi zikiwa zimeijaa, na kisa chake kikawa mojawapo ya hoja zilizosukuma sheria ya chakula, dawa na vipodozi ya 1938 nchini humo. Kwetu vipodozi viko chini ya TBS tangu 2019. Kabla ya hapo vilikuwa TFDA. Kwa hiyo kopo lisilo na orodha ya viambato, mimi binafsi ningeliacha hapo hapo dukani.

Sukari ni hadithi ya raha zaidi. Pwani, bibi harusi anapoandaliwa na somo, sukari hupikwa na ndimu mpaka inavutika. Ndimu haipo kwa ajili ya harufu: asidi yake inaivunja sukari kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo hauwi chenga chenga ukipoa. Unabaki unanata. Mabaki unayaosha kwa maji ya uvuguvugu. Ila jamani, ipoe kwanza. Sukari iliyoyeyuka ina joto kupita maji yanayochemka, na inagandia ngozi.

Halafu wembe. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji, na kemia iko upande wao: keratini ikinywa maji inalainika, kwa hiyo wembe hauhitaji kukwangua. Enzi za zamani wembe mmoja ulinolewa miaka na miaka, na ulikuwa wa watu wengi. King Camp Gillette alibadilisha hilo alipoanza kuuza nyembe za kutupwa 1903. Mwaka huo wa kwanza aliuza vishikio 51 tu. Kufikia 1915 kampuni yake ilishatoa kifaa cha wanawake.

Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi Tanzania walipogunduliwa Kagera 1983, na kampeni zikafuata, tuliambiwa tusichangie nyembe. Sawa kabisa. Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni homa ya ini aina ya B, ambayo virusi vyake vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi. Wembe wa dada uliosahaulika bafuni juzi bado una habari zake. Kila mtu na wake, hata kama mmezaliwa tumbo moja.

Bado kuna vipele. Unywele wetu wa kipilipili unatoka kwenye shina lililopinda, kwa hiyo ukikatwa chini sana, ncha yake kali inajikunja na kurudi ndani ya ngozi. Kung'oa kunaweza kuleta hali hiyo hiyo unywele unapoota upya. Kama unasumbuliwa hivyo, tumia mashine inayobakisha kisiki kidogo. Haipendezi kama kipara, ila vipele vinapungua.

Na kuhusu ile hofu kwamba ukinyoa zitaota nene zaidi: Mildred Trotter wa Marekani alilipima jambo hilo akachapisha matokeo 1928. Unene haukubadilika, wala kasi ya kuota. Unachohisi ukipapasa ni ncha butu ya unywele uliokatwa.