Mitambo ya simu inapogeuka kuwa programu

MTEJA aliye Kitui anapompigia simu ndugu yake aliye Kisumu, jambo la kwanza ajualo ni mlio wa upande wa pili. Kabla ya mlio huo, hata hivyo, mitambo kadhaa imekwisha kuulizana na kujibizana. Mmoja umepekua daftari la wateja kuthibitisha kwamba kadi ya simu ni halali. Wa pili umetafuta iwapo simu inayopigiwa iko chini ya mnara wa Kondele au wa Milimani. Wa tatu umetazama kama mpigaji ana salio, na wa nne umefungua njia ya kupitishia sauti. Iwapo mteja anataka intaneti, kuna mtambo mwingine ambao ni lango la kumtoa nje, na mwingine tena unaolilinda lango hilo dhidi ya wadukuzi.

Kwa miaka mingi kila kazi kati ya hizo ilikuwa na kabati lake la chuma. Kampuni ya simu ilinunua kabati hilo kutoka kwa watengenezaji kama vile Ericsson, Nokia au Huawei, vyuma na programu vikiwa vimeshonwa pamoja, na halikuweza kufanya kazi nyingine yoyote. Lilihitaji nafasi, umeme, kipoza hewa, vipuri vyake maalumu na fundi aliyefunzwa na mtengenezaji yuyo huyo. Likizeeka, liling'olewa zima zima hata kama programu iliyokuwamo ingali inafaa. Isitoshe, mtengenezaji alijua fika kwamba mnunuzi hana pa kukimbilia, na bei za matengenezo zilipangwa kwa kuzingatia hilo.

Utaratibu uliobuniwa kuuvunja mtindo huo hujulikana miongoni mwa wataalamu kwa kifupi cha NFV. Maana yake ni kuitenga kazi na kabati. Kazi iliyokuwa ikifanywa na mtambo maalumu huandikwa kuwa programu, nayo programu huendeshwa kwenye seva za kawaida, za aina ile ile inayotumiwa na benki na vyuo vikuu.

Sisi tulioingia katika vyumba vya habari miaka ya tisini tunao mfano wa karibu. Palikuwa na mashine ya kupanga herufi, chumba cha giza cha kusafishia picha, na meza yenye taa ya kubandikia kurasa, kila kimoja na fundi wake asiyekubali kuguswa vyombo vyake. Leo kazi zote tatu ni programu ndani ya tarakilishi moja iliyo mbele ya msanifu kurasa. Tarakilishi hiyo ikiharibika, huletwa nyingine na ukurasa ukaendelea.

Wazo hilo lilitangazwa rasmi mnamo Oktoba 2012 mjini Darmstadt, Ujerumani, ambapo kampuni 13 kubwa za simu duniani, zikiwemo AT&T na Verizon za Marekani, BT ya Uingereza, Deutsche Telekom, Telefónica ya Uhispania, NTT ya Japani na China Mobile, zilichapisha waraka wa pamoja. Jambo la kutazamwa ni kwamba waliouandika walikuwa wanunuzi wa mitambo wala si watengenezaji. Mwezi uliofuata kazi ya kuandaa kanuni ilikabidhiwa ETSI, taasisi ya Ulaya ya viwango vya mawasiliano yenye makao yake Sophia Antipolis, Ufaransa, na nyaraka za kwanza zikatolewa mwaka wa 2013.

Kwa mujibu wa kanuni hizo, chini kabisa kuna seva na programu inayoigawa kila seva katika vyumba kadhaa visivyoshikika, ambavyo wataalamu huviita mashine pepe. Ndani ya vyumba hivyo hukaa zile kazi zenyewe: daftari la wateja, kitafuta simu, lango la intaneti. Juu yake pana programu nyingine iliyo mfano wa nyapara, inayofungua vyumba zaidi kazi inapozidi na kuvifunga inapopungua. Mkesha wa Mwaka Mpya, salamu zinapofurika usiku wa manane, nyapara huyo anaweza kuongeza malango kwa dakika chache na kuyaondoa kukipambazuka. Zamani kampuni ililazimika kununua makabati ya kutosha usiku huo mmoja, kisha mengi yakae bure mwaka mzima.

Mambo hayakwenda kwa wepesi uliotarajiwa. Wahandisi wa simu hupima kazi yao kwa asilimia 99.999, yaani mtambo usizimike zaidi ya dakika tano na ushei kwa mwaka mzima. Seva ya kawaida haikuundwa kwa masharti hayo. Hata ile inayofikia asilimia 99.9 huwa imezimika karibu saa tisa kwa mwaka. Ilibidi programu zenyewe zifundishwe kuvumilia kifo cha seva, kila kazi ikiwa na pacha wake wa kuipokea.

Tatizo la pili lilikuwa la kibiashara. Watengenezaji wengi walichukua programu ya kabati la zamani na kuihamisha ilivyo hadi kwenye mashine pepe, kisha wakasisitiza iuzwe pamoja na seva na nyapara waliowachagua wao. Kampuni ya simu ilijikuta tena na makabati mbalimbali yasiyosikilizana, tofauti ikiwa tu kwamba sasa yalikuwa ya programu. Kwa maoni yangu hapo ndipo miaka mingi ilipopotea. Nafuu ilipatikana kanuni za 5G za mwaka wa 2018 zilipouandika moyo wa mtandao kuwa programu tangu mwanzo.

Aliyethubutu kuanza bila kabati hata moja la zamani ni Rakuten ya Japani, kampuni inayojulikana zaidi kwa duka lake la mtandaoni. Aprili 8, 2020 ilianza rasmi kuuza huduma za simu kwenye mtandao wake yenyewe, ikiwa mshindani wa nne nchini humo. Hata kazi ya kuchambua mawimbi ya redio, ambayo kwa desturi hufanywa na mtambo maalumu ulio chini ya mnara, iliandikwa kuwa programu. Kazi hiyo ni ngumu kuliko zote, kwa sababu mawimbi hupangwa kwa vipande vya milisekunde moja na seva ikichelewa kidogo tu mazungumzo hukatika. Mtandao ulifanya kazi, na bei yake ya yeni 2,980 kwa mwezi iliwatikisa wapinzani.

Lakini programu haijengi minara. Rakuten ilihitaji maelfu kwa maelfu ya vituo vya mawimbi, mikataba na wenye majumba, nyaya na umeme. Na mahali ambapo haikuwa na minara ililazimika kuilipa kampuni pinzani ya KDDI ili wateja wake waazime mawimbi. Kundi zima la Rakuten liliandikisha hasara kila mwaka kuanzia 2019 hadi 2024, na mwaka wa 2022 pekee hasara hiyo ilipita yeni bilioni 370. Anayewaambia wenye hisa kwamba kugeuza mitambo kuwa programu kutaondoa gharama za kampuni ya simu anapaswa kuonyeshwa hesabu hizo kwanza, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha huzikwa kwenye saruji na vyuma vya minara.

Kuna pia suala la hitilafu. Kabati la chuma likiharibika, huharibika peke yake, na la jirani huendelea. Kosa lililo ndani ya programu limo katika kila nakala. Mnamo Desemba 6, 2018 wateja zaidi ya milioni 30 wa O2 nchini Uingereza, pamoja na wa kampuni ndogo zilizotumia mtandao wake, walikosa intaneti kwenye simu zao kuanzia alfajiri. Hata vibao vya kuonyesha saa za mabasi jijini London vilikwama. Siku hiyo hiyo, upande wa pili wa dunia, mtandao wa SoftBank wa Japani ulizimika kwa zaidi ya saa nne. Chanzo kilikuwa kimoja: cheti cha usalama ndani ya programu ya Ericsson kilikuwa kimepitwa na muda wake. Hakuna waya uliokatika wala mtambo uliowaka moto.

Na ule uhuru dhidi ya watengenezaji? AT&T, mmojawapo wa waandishi wa waraka wa Darmstadt, ilikuwa imejiwekea lengo la kugeuza asilimia 75 ya mtandao wake kuwa programu kufikia mwaka wa 2020. Juni 2021 iliuza kwa Microsoft teknolojia iliyojijengea ya kuendesha moyo wa mtandao wake wa 5G. Agosti 2024 ilikwenda mahakamani jijini New York dhidi ya Broadcom, iliyokuwa imeinunua VMware, kampuni inayouza programu za kugawa seva. AT&T ililalamika kwamba inalazimishwa kununua vifurushi isivyovihitaji ndipo iendelee kupata matengenezo, ilhali mashine pepe zake 75,000 zilitegemea programu hizo. Kesi ilimalizwa kwa maelewano mwaka huo huo. Mnunuzi alikuwa amemkimbia muuza kabati akaangukia mikononi mwa muuza programu.

Kwa Wakenya swali zito ni mahali ambapo seva zenyewe zimewekwa. Kabati la zamani halikuwa na budi kukaa nchini. Programu inaweza kukodishiwa nafasi popote. Tumewahi kuishi na hali hiyo: M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na kwa miaka mingi seva zake zilikuwa Ujerumani hadi ziliporejeshwa nyumbani mwaka wa 2015. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikazorota kote Afrika Mashariki. Simu za ndani ya nchi hazikuhitaji nyaya hizo. Kampuni itakayoliweka daftari lake la wateja ng'ambo ili kupunguza gharama itaifanya simu ya Kitui hadi Kisumu ivuke bahari kabla ya kulia.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 ina kifungu kinachogusa jambo hili. Kifungu cha 50 kinampa Waziri mamlaka ya kutaja aina za data ambazo, kwa maslahi ya taifa au kwa kulinda mapato ya serikali, zitashughulikiwa tu kwenye seva zilizo nchini Kenya. Daftari linaloonyesha kila mwenye simu ni nani na yuko chini ya mnara upi lingepaswa kuwa miongoni mwa ya kwanza kutajwa.