Waliosoma Prufu Kabla Yetu

Kazi ya kusoma prufu za Kiswahili haikuanza na sisi tunaoifanyia sebuleni. Edward Steere alipofika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA, alikuta lugha iliyokwisha kuandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu, lakini isiyozoea mtambo wa chapa. Misheni ilikuwa na mtambo wake mdogo, na baadhi ya waliopanga herufi za risasi, moja baada ya nyingine, kinyumenyume, walikuwa vijana waliokombolewa utumwani. Nawaheshimu mno vijana hao. Kiswahili cha kuchapwa kilipita kwanza vidoleni mwao.

Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, katibu wake akiwa Frederick Johnson. Miswada ya vitabu vya shule ilipitiwa huko ili ifuate Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa kuwa msingi wa usanifu. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966, na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) mwaka uliofuata.

Mzee aliyenifundisha alianzia katika kiwanda cha chapa cha Dar es Salaam, herufi za risasi zilipokuwa bado zikitumika. Anasema wasoma prufu walikaa wawili wawili. Mmoja alisoma muswada kwa sauti, akitamka nukta, mkato, mabano na mwanzo wa aya. Mwenzake alifuata prufu yenye wino mbichi, rula chini ya mstari, kalamu nyekundu tayari kutia alama pambizoni. Kosa likionekana, mpangaji aliichomoa herufi kwa kibanio. Neno zima likiongezwa, mistari iliyofuata ilisukumwa hadi mwisho wa aya, na saa nzima ingeweza kupotea hapo. Ndiyo sababu walifunzwa kusahihisha kosa tu na kumwachia mwandishi uandishi wake. Nidhamu hiyo naipenda, na wengi wetu leo hatuna.

Kompyuta zilipoenea, meza nyingi za wasoma prufu ziliondolewa. Ilidhaniwa mwandishi atajisahihisha mwenyewe. Hesabu hiyo imetugharimu: jicho lililoandika husoma lilichokusudia, na programu ya tahajia haishtuki ikikuta "karamu" palipotakiwa "kalamu".

Mimi niliingia kazini humu baada ya kupunguzwa kazi. Nilikwenda kumwamkia mzee, nikamweleza hali yangu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Usianze kutafuta wateja. Tafuta kwanza kitabu kilichochapwa vibaya, ukisome kwa rula."

Nikafanya hivyo. Kisha zikaja tasnifu za wanafunzi, vijitabu vya dini, historia za koo zilizoandikwa na wastaafu. Malipo ni kwa ukurasa, hutumwa kwa simu, na huchelewa. Jioni binti yangu husoma muswada kwa sauti, mikato na nukta zote, nami nafuata prufu. Namlipa kwa kila ukurasa tunaoumaliza, kwa kuwa ni kazi.

Wachapishaji, mnapopanga bajeti ya kitabu, tengeni fungu la wasomaji wawili wa prufu na muda wa kutosha wa kusoma. Na jina la msoma prufu liandikwe kwenye ukurasa wa hakimiliki, pamoja na la mchoraji wa jalada.