Kupita bote: kosa la Rutshuru ambalo si kosa

Kila inapokaribia Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, hurudi lawama ya zamani kwamba watu wa Rutshuru, mashariki mwa Kongo, wanaharibu lugha. Mfano ni ule ule: “huyu ni mukubwa kupita bote”, wakati shule inataka “mkubwa kuliko wote”. Wanaolaumu wangesoma kwanza ugomvi wa Waingereza juu ya namna ya kusema kwamba kitu kimezidi vyote.

Katika Julius Caesar, tamthilia aliyoifasiri Nyerere mwaka 1963, Shakespeare anamfanya Antony, akionyesha jeraha ambalo Brutus alimtia Kaisari, arundike alama mbili za ukubwa juu ya sifa moja: most mbele, -est nyuma. Biblia ya Mfalme James ya 1611 ilifanya vivyo hivyo katika Matendo 26:5, Paulo anapotaja madhehebu yake ya Kifarisayo. Mwandishi wa tamthilia Ben Jonson, katika sarufi iliyochapwa 1640 baada ya kifo chake, aliusifu mtindo huo kuwa ni umaridadi wa Wagiriki wa kale. Mwaka 1762 akaja Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa askofu wa London, akaupiga marufuku, na aya ile ya Paulo akaihesabu miongoni mwa makosa. Lakini alipokuta most Highest katika tafsiri ya zamani ya Zaburi alilegeza kamba, kwa kuwa anayetajwa ni Mungu na ukuu wake hauna kifani. Walimu waliomfuata walishika katazo, wakauacha msamaha.

Kwetu nako katazo lina historia yake. Kiswahili kilifika na misafara ya enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, kikaendelezwa na wamisionari na serikali ya Wabelgiji. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kwa ajili ya makoloni ya Waingereza; Kongo haikuhusishwa. Mwaka huo huo akina Whitehead, wamisionari wa Lualaba, walichapisha kitabu cha Kingwana, yaani Kiswahili cha Kongo.

Na sanifu yenyewe inasemaje? Sarufi ya E. O. Ashton ya 1944, iliyofundisha vizazi vya wanafunzi, inataja kupita na kushinda pamoja na kuliko. Mama anayeuza maharagwe sokoni Kiwanja akisema yake ni mazuri kupita yote anasema lililomo kitabuni. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na bado mtoto wa Rutshuru anakatwa alama kwa neno hilo. Alama hizo arudishiwe.