Mahindi, Maziwa na Ugonjwa wa Pelagra

Somo la leo ni habari ya ugonjwa uliowashinda matabibu kwa miaka mingi, nao waitwa pelagra. Mwenye ugonjwa huu ngozi yake hubabuka mahali panapopigwa na jua, tumbo humwendesha, na mwisho akili humpotea. Asipotibiwa, hufa.

Tabibu Gaspar Casal aliuona katika nchi ya Hispania mwaka 1735. Wagonjwa wake walikuwa maskini, na chakula chao kikubwa kilikuwa mahindi. Mahindi asili yake ni Amerika. Wenyeji wa Meksiko walikuwa na desturi ya kuyachemsha katika maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Mbegu ilivuka bahari mpaka Ulaya, lakini desturi ile ikabaki nyuma.

Mwanzoni mwa karne ya 20 pelagra ikaenea kusini mwa Marekani. Wengi walisema ni ugonjwa wa kuambukiza, tena wa watu wachafu. Mwaka 1914 Serikali ya huko ikampeleka Daktari Joseph Goldberger auchunguze. Alipotembelea hospitali za wenye wazimu na nyumba za mayatima, aliona jambo la ajabu: wanaotunzwa waliugua, lakini wauguzi na watumishi hawakuugua. Je, ni vijidudu gani vimchaguavyo yatima na kumwacha mlezi wake?

Goldberger akatazama sahani zao. Akaagiza mayatima wa nyumba mbili za mji wa Jackson wapewe maziwa, mayai, nyama na maharagwe. Ugonjwa ukatoweka karibu wote.

Mwaka 1915 wafungwa 11 wa Mississippi, walioahidiwa msamaha, walilishwa kwa miezi sita unga wa mahindi, ngano, wali, viazi vitamu na mboga chache, bila nyama wala maziwa. Sita kati yao wakaugua. Leo jaribio kama hilo halingeruhusiwa. Mwaka 1916 Goldberger, mkewe Mary na wenzao wakajidunga damu ya wagonjwa, na wanaume wakameza hata uchafu wao. Hapana aliyepata pelagra.

Hata hivyo wengi walikataa kusadiki. Kukubali kwamba ugonjwa watokana na chakula ni kukubali kwamba watu wa shambani na viwandani hawana fedha ya kununua maziwa wala nyama. Ilikuwa rahisi zaidi kulaumu uchafu. Goldberger alifariki mwaka 1929, kabla haijajulikana kwa hakika ni kitu gani kilichopungua.

Mwaka 1937 Conrad Elvehjem wa Wisconsin aligundua kwamba dawa ni vitamini iitwayo niasini. Lakini fumbo likabaki: maziwa yana niasini kidogo tu, mbona yaponya?

Jibu lilipatikana mwaka 1945. Protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino, kama shanga katika uzi. Baadhi ya shanga hizo mwili hauwezi kuzitengeneza. Hapana budi zitoke katika chakula. Mojawapo ni triptofani, ambayo Hopkins wa Cambridge aliitenga mwaka 1901. Mwili hugeuza kiasi cha miligramu 60 za triptofani kuwa miligramu 1 ya niasini. Maziwa yana triptofani ya kutosha. Mahindi ya kawaida yana kidogo sana, na niasini yake imefungika. Chokaa ya watu wa Meksiko ndiyo iliyoifungua.

Wasikilizaji, msidhani haya ni mambo ya mbali. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walilishwa mahindi, na karanga zikakosekana katika posho yao. Watu zaidi ya 18,000 wakapata pelagra. Elimu ilikuwapo tangu miaka 45 nyuma. Kilichokosekana ni konzi ya karanga.

Basi mahindi si adui. Ubaya ni kuyala peke yake. Ugali wataka mwenzake: maharagwe, karanga, dagaa au maziwa. Na mkimwona mtu anaugua, msiharakishe kumwita mchafu. Kwanza ulizeni amekula nini, na kama alikuwa na uwezo wa kula kingine.