Mzega

Hapa Mkwajuni neno intakula lilifika kabla ya chombo chenyewe kufahamika. Mji wetu uko mbali na njia kuu, na malori ya Tunduma huyaoni mpaka ufike Mbalizi. Tulipokwenda huko kwa shughuli zetu tulilisoma neno hilo limechorwa kwenye vioo na mikia ya malori, na wengi wetu tukalichukua kuwa ni jina la aina ya gari, kama mtu anavyosema Bedford au Leyland. Mzee mmoja, marehemu sasa, alishikilia hadi mwisho kwamba ni jina la tajiri mwenye malori yote yale.

Chombo chenyewe si cha kutisha. Tabo ni pangaboi linalozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nalo husukuma hewa nyingi kuingia ndani. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya fikra hiyo mwaka 1905. Lakini hewa ikishindiliwa hupata moto. Kila aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono ameigusa ncha ya pampu akaona ilivyo. Hewa ya moto hutanuka, pumzi yake hupungua, na injini ya petroli ikilishwa hewa hiyo huanza kugonga hata pistoni zikaharibika. Intakula basi ni rejeta ya hewa: huipoza kabla haijaingia kwenye silinda. Ikiwa kubwa hupoza zaidi, na gari hupata nguvu ambazo halikuwa nazo. Tatizo ni kwamba alumini ina uzito, mabomba yana uzito, na mahali penye upepo mzuri wa kuipoza ni pale pale mbele puani, pasipotakiwa kuongezwa hata gramu.

Watu wa Mkwajuni hawahitaji kufundishwa habari za uzito. Dhahabu ya Lupa imepimwa katika nchi hii tangu miaka ya 1920, na mawe ya Saza yalibebwa na watu kabla ya kubebwa na magari. Mbebaji hujua jambo ambalo dereva husahau, kwamba kilo moja si sawa na kilo moja. Inategemea imekaa wapi. Wazee wa pwani wana ule mti wa kubebea mizigo miwili begani, mmoja mbele na mmoja nyuma, wanaouita mzega. Ukiongeza ndoo ya mbele bila kugusa ya nyuma, hutaanguka kwa sababu ya wingi wa mzigo bali kwa sababu umeinama.

Mashindano ya Safari yameandika historia ya mzega huo kwa magari. Yalianza mwaka 1953 kwa jina la kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalikuwa mashindano ya magari ya kawaida yaliyoimarishwa. Joginder Singh aliyashinda mwaka 1965 akiwa na Volvo, na Shekhar Mehta akayashinda mara tano, ya mwisho mwaka 1982, akiwa na Datsun isiyo na tabo. Magari hayo yalikuja na uzito ambao barani Ulaya ungechekwa: vyuma vizito mbele ya bampa kwa ajili ya wanyama, taa za ziada, springi ngumu, matairi ya akiba.

Audi Quattro ilipotokea mwaka 1980 ilileta tabo, intakula na magurudumu manne yanayovuta. Injini yake ya silinda 5, hata hivyo, ilikuwa imekaa mbele ya ekseli ya mbele. Ndoo ya mbele ya mzega ilikuwa nzito tangu kiwandani. Gari la namna hiyo ukilipeleka kwenye kona kwa kasi, usukani unakata lakini pua inaendelea kwenda moja kwa moja. Mwaka 1983 Hannu Mikkola alimaliza Safari wa pili nyuma ya Ari Vatanen, aliyekuwa na Opel isiyo na tabo na inayosukumwa na magurudumu mawili tu ya nyuma. Mwaka uliofuata Björn Waldegård alishinda na Toyota Celica yenye tabo, nayo pia ilisukumwa na magurudumu ya nyuma.

Sitaki msomaji adhani kwamba mafundi wa Audi walilala. Waliacha injini ya chuma wakatengeneza ya alumini, ikapungua zaidi ya kilo 20. Kisha katika gari walilolileta mwaka 1985 walifanya jambo ambalo mimi hulipenda kuliko yote: walichukua rejeta ya maji, mafeni yake, betri na alteneta, wakavipeleka vyote nyuma kwenye buti. Walikuwa wamekubali kwamba pua haiwezi kupona kwa kupunguzwa tu. Na mwaka 1987, Mikkola alipoipatia Audi ushindi wa Safari, alikuwa na Audi 200, sedani ndefu na nzito ya kupeleka familia harusini.

Miaka 10 baadaye Colin McRae alishinda na Subaru Impreza ya kanuni mpya. Impreza ya dukani yenye tabo huweka intakula juu ya injini, na ndiyo sababu ya lile tundu kwenye boneti. Kanuni za mwaka 1997 ziliwaruhusu Subaru kuihamishia mbele ya rejeta, lakini gari zima halikuruhusiwa kupungua kilo 1,230. Kwa kanuni za namna hiyo waunda magari hujenga gari jepesi kuliko kiwango, kisha hufidia kilo zilizopungua kwa uzito wa makusudi unaofungwa chini sakafuni, pale wanapotaka wenyewe.

Naeleza haya kwa sababu mpwa wangu, aliyepata senti kidogo katika machimbo, alileta hapa Impreza iliyotumika Japani, pamoja na intakula kubwa ya mbele. Fundi wake alikuwa na dawa tayari ya uzito: kutoa ule mhimili wa chuma ulio nyuma ya bampa, na kuacha tairi la akiba nyumbani.

“Mjomba, tukitoa hiki chuma kilo zetu zimerudi,” aliniambia.

Nikamwomba tupime kwanza. Tulikwenda kwenye mizani ya mahindi. Intakula ya zamani na mabano yake ilikuwa kilo 5. Mpya, pamoja na mabomba yake, kilo 14. Nyongeza ni kilo 9, na fundi akacheka kwamba hizo ni debe nusu la mahindi. Nikachora mzega mchangani. Ile intakula ingekaa karibu sentimita 85 mbele ya ekseli ya mbele, na kati ya ekseli mbili za gari lile ni kama mita 2 na nusu. Basi zile kilo 14 magurudumu ya mbele yangezihisi kama 19, kwa kuwa zinainua nyuma kilo 5. Kutoa tairi la akiba kungeinua nyuma zaidi. Gari lingekuwa jepesi kwenye mizani na baya zaidi kwenye kona.

Na ule mhimili? Barabara ya kutoka hapa kwenda Mbalizi kupitia Galula ina ng'ombe, baiskeli, na watoto wa shule. Magari ya Safari hayakuwahi kutoa chuma cha mbele ili kupata kilo. Yalikiongeza. Nilimwambia mpwa wangu kwamba chuma kile kimewekwa kwa ajili ya miguu yake yeye, na kwamba mama yake, ambaye ni dada yangu, hatanisikiliza nikimweleza habari za kilo.

Hakufurahi. Alinuna siku mbili, kisha akaja kuuliza bei ya waya.

Betri ilikuwa kilo 14. Kuihamishia kwenye buti kunapunguza mbele kilo kama 16 na kuziweka nyuma, yaani karibu deni lote la pua. Lakini kazi hiyo ina masharti: waya mnene wa shaba, fyuzi kubwa karibu kabisa na betri ili waya ukichunika usichome gari, betri ifungwe kwa chuma isirukeruke, na mrija wa kutolea gesi uende nje, kwa sababu betri ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka. Waya uliongeza kilo 2. Fundi aliukata mlango wa plastiki wa bampa ili bomba lipite, na mhimili ukabaki mahali pake, ukiwa umesogezewa intakula kwa kipimo cha vidole viwili.

Siku walipomaliza, tairi la akiba lilirudishwa kwenye shimo lake, nikaikaza nati yake mwenyewe.